Ufunguo kwa Aliyeanguka Mwisho

Mimi walevi siwapendi. Nalisema mapema ili tusije tukakosana mbele ya safari. Nimeshona nguo kwenye kibaraza cha nyumba yangu miaka mingi, na barabara inayopita mbele ya cherehani yangu ndiyo inayowarudisha walevi makwao. Nawajua kwa mwendo, nawajua kwa nyimbo zao, nawajua kwa uongo wao. Sasa fikiria mtu kama mimi, kati ya wanaume wote waliojaa duniani, Mungu akanipa mkwe mlevi.

Na si mtu mbaya, hilo ndilo lililokuwa likiniudhi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Ni fundi vioo. Nusu ya madirisha ya mtaa huu ameyatia yeye. Anakilaza kioo juu ya meza yenye blanketi, anaweka rula, anapitisha kisu chake chenye kigurudumu mara moja tu, harudii, halafu anagonga kidogo kwa chini, tak, na kioo kinaachana vipande viwili bila ugomvi. Maneno hana mengi. Tangu amuoe binti yangu hajawahi kuniinulia sauti. Hata akiwa chakari alikuwa ananiamkia. "Shikamoo Mama," huku ameshika ukuta usimkimbie. Nami naitika marahaba, nitafanyaje, na moyoni namtukana.

Kwanza alikuwa anakunywa Jumamosi. Watu wakasema mwanaume akifanya kazi wiki nzima, Jumamosi ni haki yake. Haya. Jumamosi ikamwita Ijumaa, Ijumaa ikamwita Alhamisi, mwisho wiki nzima ikawa inakunywa pamoja naye. Asubuhi mikono ilitetemeka, hawezi kushika kisu cha kioo mpaka azimue kwa glasi moja. Wateja wakaanza kuletewa vioo vilivyokatwa upogo. Binti yangu akaanza kukonda.

Kisha ikaja siku ya kioo. Alirudi nyumbani na kioo kizima cha dirisha la mteja, akakiegemeza kwenye ukuta wa sebuleni, akalala. Hakukifunga kamba, hakukiwekea kizuizi chini. Fundi vioo huyo! Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha sisi wote kwamba kioo hakiegemezwi hivyo hata kwa dakika moja. Mjukuu wangu akapita anakimbia, kioo kikashuka. Mtoto alikatwa juu ya kifundo cha mguu, akashonwa zahanati, akapona. Lakini binti yangu aliusikia mlio ule akiwa jikoni, hajui mtoto yuko upande gani wa kioo. Baba mtu hakuamka.

Jioni ile binti alifika kwangu, mtoto mgongoni, begi mkononi.

"Simrudii, Mama."

"Kwani nani kakwambia umrudie? Ingia ndani."

Mkwe wangu akaja mara nyingi kumwomba radhi. Anasimama pale kwenye kibaraza, binti yuko ndani, mlango umefungwa, mimi nashona katikati yao. Anaapa. Ataacha. Ameshaacha. Ameacha jana. Siku moja nikachoka, nikamwambia mbele ya wateja wangu wawili waliokuja kupimwa: "Baba, wewe hutaacha. Nenda kapumzike."

Alikwenda. Sikumwona kwa muda. Halafu asubuhi moja akaja, amenyoa ndevu, amejikata shavuni kwa sababu ya mikono ile. Nilinusa. Harufu ilikuwepo, ila ya jana.

"Binti yangu hatoki," nikasema.

"Sikumjia yeye, Mama. Nimekuja kwako."

Nikasimamisha mguu kwenye pedali.

Akaniambia kwamba yule muuguzi aliyemshona mtoto mguu alimweleza habari za kikundi. Watu waliokuwa wanakunywa wakaacha, au wanajaribu kuacha, wanakutana kila Alhamisi jioni, wanakaa wanazungumza. Mahali penyewe ni nyuma ya zahanati, mtu anauliza anaelekezwa.

"Sasa si uende?"

"Nimekwenda mara mbili, sikufika. Baa iko kabla."

"Kwa hiyo unataka nini, niihamishe baa?"

"Unisindikize, Mama. Nikiwa na wewe siwezi kuingia."

Loo! Mkwe na mama mkwe waandamane barabarani kutafuta walevi! Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Nikamuuliza, kati ya watu wote, ndugu zake wapo, rafiki zake wamejaa, kwa nini mimi.

"Wengine wote wananiambia nitaacha tu," akasema. "Wewe ndiye uliyesema sitaacha."

"Na ndivyo ninavyoamini."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Wahenga wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Sasa hili lilikuwa limekuja lenyewe kwa miguu kuomba dawa. Nikamwambia aje Alhamisi.

Binti yangu alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Mchana tulipokuwa tunachambua mboga akaniambia kwamba shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, amempatia kazi ya dukani katika mji anakoishi, na chumba kipo. Angeondoka na mtoto shule zikifungwa.

"La kuvunda halina ubani, Mama," akasema. "Lakini sitaki siku moja mwanangu aniambie sikumpa baba yake nafasi. Yeye atanidanganya. Rafiki zake watanidanganya. Wewe hujui kudanganya hata kwa adabu. Akikaa bila kunywa mpaka shule zifungwe, sitapanda basi, nitakwenda tukazungumze. Akianguka, niambie siku hiyo hiyo."

"Nitakwambia."

"Siku hiyo hiyo, Mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Alhamisi tukatoka. Mimi nimevaa gauni langu la kwendea misibani, maana sikujua walevi wanatembelewa kwa nguo gani. Tulipofika baa nikapita upande wa mlango wake, yeye nikamweka upande wa barabara. Muziki ulikuwa unapigwa humo ndani, mtu mmoja akamwita, "Fundi! Fundi vioo!" Nikageuka nikamtazama huyo mtu. Akarudi kwenye glasi yake.

Nyuma ya zahanati hapakuwa na kibao chochote. Mkwe wangu anaona haya kuuliza, anazunguka tu kama kuku anayetaka kutaga. Nikamfuata muuza duka, nikamuuliza kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo watu wanasema ni kubwa:

"Baba, hapa walevi wanakutana wapi?"

Muuza duka, mtu mwenye heshima zake, akanyoosha kidole kule kule tulikotoka, kwenye baa.

"Nimesema walioacha!"

"Ah, walioacha hao sijawahi kuwaona, Mama."

Watu waliokuwa dukani wakacheka mpaka mmoja akashika mlango. Mkwe wangu alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo mtu mmoja mwembamba, amebeba rundo la mashati yaliyopigwa pasi begani, akapita karibu yetu na kusema bila kutugeukia: "Mama, nifuateni. Ila siku nyingine ukiuliza punguza sauti, mimi nina wateja."

Huyo alikuwa Dobi, na kikundi chenyewe ndiye aliyekuwa akikiongoza.

Akatupeleka kwenye shule ya chekechea. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa amewapa darasa moja walitumie watoto wakishaondoka. Ukutani herufi zimechorwa, mbuzi na samaki na jua lenye macho, na viti vyote ni vya watoto wadogo. Basi humo ndimo wanamoketi watu wazima, magoti yamegusa kidevu. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mrefu kupita kiasi, wanamwita Mrefu tu, alivyokaa kwenye kile kiti ungedhani amekaa chini. Kulikuwa na mwanamke mwenye saluni, kucha zake nzuri, ambaye sikuwahi kumdhania hata siku moja. Na wengine ambao sitawasema, kwa sababu Dobi alinikataza.

Mimi nilibaki nje, kwenye benchi chini ya dirisha. Dirisha hilo kioo chake kimoja kilikuwa kimevunjika, wameziba kwa kipande cha boksi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Dobi akajua. Akainama kwenye boksi.

"Mama, yanayosemwa humu yanabaki humu."

"Mimi niko nje."

"Basi yabaki na huko nje."

Kwa hiyo ya wengine siyasemi. Ya mkwe wangu nitayasema, yeye ameniruhusu. Siku ile hakusema mengi. Walipomfikia akasema, "Mimi ni fundi vioo," akaishia hapo. Wakamwambia ahsante. Ahsante ya nini? Nikajiuliza pale kwenye benchi, huyu kasema nini cha kushukuriwa?

Mwishoni Dobi akainua ufunguo. Ufunguo wa mlango wa darasa lile ulikuwa mmoja, mwalimu mkuu hataki uchongwe mwingine, na ili usipotee umefungwa kwenye bata wa mbao, mwanasesere wa watoto, mkubwa kama ngumi. Akauliza, "Nani kati yetu kanywa karibuni kuliko wote?"

Kisha nikasikia sauti ya mkwe wangu: "Jana."

"Kuna aliyekunywa leo?" Hakuna. "Basi umeshinda," akasema Dobi, na wote wakapiga makofi. Mrefu akasema amefurahi kuachana na huyo bata, alikuwa naye tangu ateleze safari iliyopita, na wahenga waliosema kuteleza si kuanguka hawajawahi kumwona mtu wa urefu wake akiteleza.

Nikashindwa kuvumilia. Nikafungua mlango. "Jamani, nyie mna akili? Darasa la watoto, ufunguo mnampa aliyelewa jana?"

"Humu hakuna ambaye hajawahi kulewa, Mama," akasema Mama Saluni.

Dobi akanieleza taratibu, kama mtu anayekunja shati. "Aliyekaa muda bila kunywa atakuja tu, ameshazoea. Aliyeanguka jana ndiye anayetafuta sababu ya kutokuja. Akiwa na ufunguo, asipokuja sote tunabaki nje. Tunaukabidhi kwake mpaka aanguke mwingine."

Nilimwona mkwe wangu akimtia bata mfukoni, mfuko ukavimba. Njiani nikafikiri sana. Mtu aliyeshindwa kuegemeza kioo atatunza ufunguo wa watu? Atausahau baa, auuze, autupe. Tulipofika kwangu nikanyoosha mkono.

"Lete nikutunzie. Kila Alhamisi utaupitia hapa."

Akanipa bila neno. Nikautia kwenye kopo langu la vifungo, nikaona nimefanya jambo la busara.

Ikawa ndiyo mtindo wetu. Alhamisi anakuja, nafunika cherehani, natoa bata kwenye vifungo, tunakwenda. Anafungua, naketi kwenye benchi langu, nasikiliza. Polepole akaanza kusema. Alisema habari za kioo, Mrefu akamshika bega. Nilisikia na mimi nikalia huko nje, nikajisingizia vumbi ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Mikono ikaanza kutulia. Siku moja akaja na rula, akapima lile dirisha lililovunjika, na Alhamisi iliyofuata akaja na kioo chake na puti ya kukishikiza, akang'oa boksi, akakitia, akalainisha puti kwa kidole gumba. Kazi safi, tena bure. Watu wakamsifu. Na mimi akawa amenizibia habari zangu zote! Kuanzia siku hiyo nikawa naona midomo tu inacheza.

Akaanza kuja pia Jumatano kumwona mtoto. Anakaa kibarazani, mtoto anamwonyesha kovu lake, baba analigusa, halafu mtoto anamletea vitu vya kurekebisha. Binti yangu hakuwa akitoka. Lakini dirisha alikuwa ameanza kuliacha wazi.

Shule zikakaribia kufungwa. Binti akanipa lile begi lake, zipu imekufa, niliwekee nyingine. "Nirudi kwangu au niende kwa shangazi, begi bovu halinifai," akasema. Kweli. Basi Jumatano ile mkwe alipofika alinikuta nalo kwenye cherehani, mdomo wazi, nalishonea zipu mpya ya kahawia. Akalitazama. Nami nikaona analitazama. Ningemwambia neno, lakini neno gani? Begi ni begi, na safari ilikuwa haijajulikana, na kutabiri si kazi yangu.

"Zipu nzuri, Mama," akasema. Akacheza na mtoto kidogo, akaondoka.

Alhamisi hakuja.

Nilifunika cherehani, nikakaa na kopo la vifungo mapajani. Nikatazama barabara mpaka macho yakaniuma. Nilipandwa na hasira, ninyi, hasira ya kutoa machozi. Nilikuwa nimeanza kumwamini, na mimi kuamini mtu ni kazi ngumu, sipendi kuifanya mara mbili. Mwisho nikasema watu wazima hawawezi kukaa nje kwa ajili ya mjinga mmoja. Nikamchukua bata nikaenda mwenyewe.

Niliwakuta wote mlangoni. Nikapenya katikati yao, nikafungua mlango, nikausukuma. "Haya, ingieni."

Hakuna aliyeingia.

"Mkwe wako yuko wapi?" akauliza Dobi.

"Unajua kama ninavyojua mimi."

"Na ufunguo?"

"Ninao mimi. Nilikuwa namtunzia tangu siku ya kwanza. Kwenye kopo la vifungo, haujapata hata kutu."

Dobi akajikuna kidevu. Angenikaripia ningemjibu, majibu nilikuwa nayo tele. Hakunikaripia.

"Mama, sisi tungepoteza nini tukikaa nje? Tungeloa kidogo. Ufunguo tunampa mtu ili popote alipo ajue kuna watu wanamngoja. Leo kule aliko anajua mlango utafunguliwa na wewe. Hakuna anayemngoja."

Akaufunga mlango. Akanirudishia bata mkononi.

"Mpelekee. Mwambie tuko nje."

"Atakuwa amelewa!"

"Ndiyo. Mwambie tuko nje."

Wakaketi kwenye ngazi, mmoja mmoja. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya upande wa zahanati. Niliondoka pale uso umenishuka. Miaka yote najisifu kwamba kitu kikiwa mikononi mwangu hakiharibiki, na kumbe hiki nilikiharibu kwa kukitunza.

Nilimkuta kwenye karakana yake, ameketi sakafuni, mgongo ukutani, chupa kando. Lakini niliona kitu. Vioo vyote vya karakana vilikuwa vimesimamishwa kwenye fremu yake ya mbao, kila kimoja na kizuizi chini, na kamba imezungushwa mara mbili. Alifunga kwanza, ndipo akanywa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Nimekunywa."

"Naona."

"Mwambie aende tu. Zipu si iko tayari."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, makali yote. Nikayameza. Nikamweka bata juu ya meza, kwenye blanketi lake la kukatia vioo.

"Watu wako nje," nikasema.

"Watu gani?"

"Mrefu, Dobi, Mama Saluni, wote. Mlango umefungwa, na mvua inakuja."

"Si wafungue? Ufunguo unao wewe."

"Si wangu. Nimeurudisha kwa mwenyewe."

Akamtazama yule bata muda mrefu, macho mekundu. "Watanionaje hivi?"

"Watakuona umelewa. Unadhani hawajawahi kuona?"

Akainuka. Akaanguka. Akashika meza, akainuka tena, akamchukua bata. Tulipotoka barabarani alikuwa anayumba, nami sikuwahi tangu nizaliwe kumshika mkwe mkono mbele za watu. Heshima yetu ndiyo hiyo, yeye kule, mimi huku. Nikamshika mkono. Nikaupitisha kwenye kwapa langu, nikaukaza, maana maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mtaa mzima ukatoka kutazama. Wateja wangu walikuwemo, hata mmoja niliyekuwa namshonea gauni la harusi. Tulipopita dukani, muuza duka akauliza kwa upole, "Mama, uliwapata wale walevi?"

"Huyu mmoja. Wengine wananingoja."

Mbele ya baa akasimama. Sikumvuta. Muziki unapigwa, mkono wake uko ndani ya wangu, na bata yuko kwenye mkono wake mwingine. Nikangoja. Mguu wake ukasogea, ukaenda mbele, na sisi tukaufuata.

Mvua ilianza tulipoingia uwanja wa shule. Wote walikuwa bado kwenye ngazi, hakuna aliyekimbilia kibarazani kwa jirani. Wakampisha. Akasimama mbele ya mlango akaanza kutafuta tundu la ufunguo, na ufunguo ukapita kushoto, ukapita kulia, bata anagonga mbao, tak, tak, tak. Mtu anayekata kioo kwa mkupuo mmoja! Nikashindwa kutazama. Nikanyoosha mkono nimsaidie, Dobi akanishika kiganja.

"Mwache, Mama."

Tukangoja. Mashati ya Dobi yanaloa begani, nywele za Mama Saluni zinashuka usoni. Mkwe wangu anatetemeka, analia, anajaribu tena. Hakuna aliyesema harakisha. Mrefu peke yake akanong'ona kwamba jamani amwonee huruma, yeye yuko karibu na mawingu, mvua inamfika kabla ya wenzake. Nikaona mabega ya mkwe wangu yanatikisika, nikajua amecheka humo humo kwenye kilio. Na ufunguo ukaingia.

Akausukuma mlango, akasimama kando yake, ameshika fremu.

"Karibuni," akasema.

Wakaingia mmoja mmoja, kila anayepita akampa mkono. Yeye akaingia wa mwisho. Nikaketi kwenye benchi langu na mvua yangu, nikamwona kupitia kioo alichokitia mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha mtoto, kichwa magotini, anasema kitu. Sikusikia. Mwishoni Dobi akamwinua bata juu kama kawaida. Mkwe wangu akanyoosha mkono kabla hajaulizwa. Safari hii alipotoka sikumwomba anipe nimtunzie chochote. Alimtia mfukoni, akaenda naye kwake.

Nilirudi nyumbani nimeloa mpaka nguo za ndani. Binti yangu alikuwa kibarazani, begi miguuni, zipu imefungwa. Shangazi yake alikuwa ameshatuma habari kwamba chumba kiko tayari. Nilimpenda yule mjinga, ndiyo, nalisema. Na nilikuwa nimeahidi.

"Kanywa," nikasema.

Akafumba macho. "Nilijua."

"Sijamaliza."

Nikamweleza yote. Begi. Vioo vilivyofungwa kamba. Watu kwenye ngazi. Kopo langu la vifungo pia nikalisema, usidhani nililiruka. Alisikiliza hakunikatiza hata mara moja, ila mwishoni akauliza:

"Alifungua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na mikono ile?"

"Na mikono ile ile."

"Na wao wakamngoja tu? Kwenye mvua?"

"Hebu nitazame mimi, unadhani nimeoga?"

Akacheka, kisha akalia, akaufuta uso kwa kiganja. Akainama akalishika begi, nami nikageukia barabara ili nisimwone analiinua. Nikasikia mlango. Alikuwa amelirudisha ndani.

"Sijasema narudi, Mama," akasema alipotoka.

"Sijakuuliza."

"Ila Alhamisi ijayo wewe pumzika. Nitakwenda mimi."

"Kwenda wapi?"

"Kukaa kwenye benchi."

"Utakaa bure. Dirisha amelitia kioo, husikii kitu."

"Sitaki kusikia," akasema binti yangu. "Nataka ajue kuna mtu nje."

Nikamwambia basi achukue mto, benchi lile ni gumu.